Gari Lililoinuliwa Mara Tatu

Nianze na lile mnalotaka kujua, ili mpumzike: hapana, hatukufika Suswa. Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza kwenye simu, na juzi mmoja wenu alinisimamisha sokoni nikiwa nimebeba viazi, akataka kujua fisi wanalia vipi usiku ukiwa ndani ya hema. Sijui wanavyolia. Safari yetu iliishia Kinoo, mahali ambapo wengi wenu hupita mkienda mazishini bila hata kugeuza shingo. Ila ilituchukua siku mbili kufika hapo, kwa hiyo kwangu ni safari ndefu, na nitaisimulia mara moja tu.

Kabla ya kuondoka

Wale mlioingia kwaya juzi hamjui habari za lile gari. Baba yetu alikuwa dereva wa watalii. Kampuni ilipochoka na moja ya magari yake, yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne, yeye akalinunua likiwa tayari limezeeka. Hakulifaidi. Alifariki, na mama akamfuata mwaka huohuo. Mimi nilikuwa kidato cha pili, mdogo wangu Kyalo alikuwa na miaka tisa, na dada yetu mdogo Mwende minne. Niliacha shule nikajifunza kushona viti vya magari na maturubai hapa Waithaka, na gari likabaki juu ya mawe nyuma ya nyumba. Kuku walitagia humo. Wanunuzi walikuja, nikawarudisha.

Mwaka huu Mwende, ambaye ni muuguzi hospitalini kule Parklands, alipata kazi ng'ambo. Kila kitu kilikuwa tayari, ndege ikiwa ya Jumapili jioni. Kilichobaki ni kimoja. Kwetu Wakamba, au tuseme nyumbani kwetu, mtu hatoki kwa safari kubwa bila neno la mzazi. Unasimama mbele yake, anakwambia nenda, ndipo unaenda. Mzazi akiwa hayupo, neno ni la kifungua mimba. Mwende aliniomba neno hilo mara mbili. Mara zote mbili nilimjibu, "Nitakupa tukifika Suswa."

Suswa, ule mlima wa kule bondeni, ndiko baba alikokuwa akiwapeleka wageni kulala kwenye mahema. Sisi tulikujua kwa vumbi alilorudi nalo. Niliwaambia kwamba tutalifufua gari lake, tulale huko usiku mmoja sote watatu, na hapo ndipo Mwende nitamwachilia. Ilisikika vizuri. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta mahali pa mbali pa kuliweka hilo neno.

Tulifanya kazi miezi minne. Nilishona hema la kukunjwa juu ya paa, turubai zito, mishono miwili kila pindo, nalo likakaa ndani ya sanduku la mbao. Kyalo, ambaye ni fundi wa mabomba, aliweka tangi la maji na bomba lake nyuma. Tulitengeneza droo za vyombo na kufunga betri ya pili ya taa. Mambo ya chini ya gari tulimwachia fundi Ouko, ambaye gereji yake imepakana na kibanda changu.

Kuna tabia moja ya nyumbani kwetu ambayo lazima niieleze. Tulikua bila kuulizana. Kiatu cha Kyalo kikitoboka, alikishona mwenyewe asubuhi kabla sijaamka ili nisijue. Mwende alifukuzwa shule siku tatu kwa kukosa sare, akawa anakaa kanisani mpaka saa za kurudi. Mimi nami nilisema nimekula kazini. Kila mmoja alibeba lake kimya ili mwingine asilemewe. Tumekuwa watu wazima lakini tabia hiyo haijatutoka, na ndiyo iliyotuchelewesha.

Waithaka hadi Parklands

Tulitoka Ijumaa saa moja asubuhi, mimi na Kyalo, tukaomba kwanza mikono ikiwa juu ya boneti. Gari liliwaka. Lilipoingia barabarani niliona paa za vibanda vya Kawangware kwa juu, nikafikiri ni furaha ndiyo iliyoniinua. Kwenye kona nilishika mlango kwa mikono miwili.

"Mbona linayumba?" nikamuuliza Kyalo.

"Ni tangi. Maji yanacheza," akasema, na hakunitazama.

Kufika Parklands kulituchukua saa mbili kwa sababu hakuthubutu kukimbia. Mwende alikuwa ametoka zamu ya usiku, anatungoja na begi kwenye gorofa anakoishi. Langoni kwao kuna chuma kimelazwa juu, cha kuzuia malori. Mlinzi alitufungulia, Kyalo akaingia, na sanduku la hema likakwama chini ya kile chuma kwa mlio ambao bado nausikia. Hatukuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Mlinzi alilizunguka gari taratibu, mikono mgongoni. "Madam," akaniambia, "hii ni gari ama ni gorofa?"

"Ni gari ya kamping," Kyalo akasema.

"Sasa mtakamp hapa kwa gate? Landilodi atataka rent."

Mwende alishuka ngazi akiwa bado na viatu vya kazi. Alilitazama gari kutoka chini hadi juu, kisha akatuuliza, "Mbona iko juu hivi? Mimi nilinunua tairi kubwa kidogo tu."

"Tairi gani?" nikauliza.

"Hizi. Nilimpelekea Ouko. Nilitaka iwe surprise, Dada."

Nilizitazama tairi. Nilikuwa nimeona ni nene, nikadhani Ouko amezipiga rangi. Nikasema, "Lakini mimi ndiye niliyemwambia Ouko alinyanyue gari. Nilimpa springi mpya."

Kyalo alikuna kichwa. "Mimi pia nilimpelekea springi. Nilisema aongeze bapa mbili za chuma juu ya zile zilikuwa huko. Sikutaka kukusumbua, Mkubwa."

Tulimpigia Ouko pale pale, sauti ikiwa nje.

"Kwani hamkuwa mnajua?" akasema. "Kila mtu alikuja na kitu yake akaniambia nisiseme. Mimi nikasema hawa watu wa nyumba moja wana mipango yao. Nikaweka zote."

"Ouko, huoni gari limekuwa twiga?"

"Niliona. Nikajua ndio mnapenda. Na breki mliangalia?"

"Breki zina nini?"

"Mathe, ukiinua gari hivyo, ile mpira ya breki ya nyuma inavutika. Inakuwa fupi. Mimi nilidhani huyo wa tatu ataleta mpira."

Hakukuwa na wa tatu wa kuleta mpira. Kila mmoja wetu alikuwa tayari ameleta chake.

Mlinzi ndiye aliyetuokoa. Alisema malori ya mchanga yakikwama hapo hutolewa upepo. Tulipunguza upepo tairi zote nne mpaka gari likashuka kama vidole vinne, Kyalo akarudi nyuma inchi kwa inchi huku mlinzi akipiga bodi kwa kiganja. Tulipotoka tulikuwa na tairi bapa, tena pampu yetu ni ya mguu.

Nikiwa nakanyaga pampu, mama mmoja mzee wa Kihindi aliita kutoka ghorofa ya pili. "Mmekuja mwishowe. Tangu Jumanne nangoja."

"Unatungoja sisi?"

"Si nyinyi watu wa tangi? Naona tangi iko nyuma ya gari. Maji hapa juu haipandi. Njooni."

Kyalo alianza kueleza kwamba lile ni tangi la safari. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, lakini wewe ni fundi wa mabomba ama si fundi?" Ndugu yangu hajui kudanganya. Alipanda na spana yake.

Alikaa huko saa moja na nusu. Mimi na Mwende tulipokezana pampu, nikaona jinsi mikono yake imekuwa ya mtu mzima, yenye kucha fupi na ngozi iliyokaushwa na sabuni za hospitali. Alikuwa anataka kusema kitu. Nilianza kuhesabu mikanyago ya pampu kwa sauti, na akaacha. Kyalo alirudi na sahani ya bhajia na chupa ya chai ya tangawizi, na ujumbe kwamba mama anatuombea dua. Tulikula tukiwa tumekaa kando ya lango. Ilikuwa saa sita mchana na tulikuwa hatujaanza hata kuelekea Suswa.

Parklands hadi mjini

Mpira mrefu wa breki hupatikana Kirinyaga Road, kwa hiyo tuligeuka tukaelekea mjini, upande usio wetu kabisa. Nilimwambia Kyalo aende kwa gia ya pili. Madereva walitupigia honi njia nzima. Mmoja alifungua dirisha akauliza hewa ya huko juu ikoje.

Tulipata nafasi mbele ya duka la mama mmoja mwenye aproni ya bluu, vipuri vimening'inia mpaka juu ya kichwa chake. Nilimsalimu, nikamweleza gari letu ni la aina gani, la zamani kiasi gani, na tunataka mpira wa urefu gani.

"Sampo iko wapi?" akaniuliza.

"Sampo iko kwa gari. Gari ni hii hapa."

"Leta sampo, mrembo. Mimi siuzi kwa maneno. Ukienda na yenye si yako, kesho utarudi hapa kunililia."

"Si unaweza kuinama uangalie tu?"

"Kuinama nimeinama miaka mingi. Mgongo ilikataa. Leta sampo."

Mnajua Kirinyaga Road. Hata ukiwa na hati ya kiwanda, bila kitu cha zamani mkononi wewe ni mpita njia. Tatizo ni kwamba sampo yetu ndiyo iliyokuwa ikitushikia breki. Kyalo alijilaza chini ya gari kwenye lami na kuanza kuifungua, na kuanzia dakika hiyo gari halikuweza kwenda popote. Mafuta ya breki yalimdondokea kwenye shavu. Mpira ulipotoka nikampelekea mama. Aliuvuta, akaunusa, akautazama ncha zote mbili.

"Hii uzi yake ya kukazia ni ya zamani," akasema. "Sina."

Maduka saba hayakuwa nao. Mwishoni kijana mmoja mwenye mashine ya kubana mipira, ndani ya kichochoro, alisema atatuunganishia mpira mrefu akitumia ncha zetu za zamani. Aliyekuwa mbele yetu alikuwa na mipira kumi na miwili ya trekta. Tulingoja. Mwende alileta ugali na matumbo kutoka kibandani, tukala kwa mkono mmoja tukiwa tumesimama, mvua ikianza.

Nikawa nimechoka uchovu ule wa kwenye mifupa. Nitawaambia pia jambo ambalo siku hiyo sikulisema. Kila mara kitu kilipokataa, kipande cha moyo wangu kilitulia. Kama leo hatufiki, nilifikiri, basi leo sisemi.

"Dada," Mwende akaniambia pale kichochoroni, "kama haiwezekani, si lazima iwe Suswa."

"Itawezekana," nikamjibu. "Nilisema Suswa."

Kyalo, ambaye hupenda kutuliza mambo kwa mzaha, akasema, "Mkubwa akisema Suswa, hata mlima utakuja Kirinyaga Road kutuchukua." Hakuna aliyecheka.

Mpira ulikuwa tayari saa kumi na moja. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kuna mvua, na barabara zote za kuelekea magharibi zimesimama. Tuliamua kulala kwa Kyalo, Mountain View.

Mountain View hadi Kinoo

Jumamosi tuliamka na anga ya kijivu. Mke wa Kyalo alitupa viazi vitamu na chai, akalitazama gari akiwa mlangoni, akarudi ndani. Tuliingia Waiyaki Way saa tatu. Kangemi tulipita vizuri. Uthiru tulipita vizuri. Nilianza kupanga sauti nitakayotumia.

Baada ya Uthiru Kyalo alijaribu kuongeza mwendo, na gari zima likaanza kutetemeka kutoka chini, vyombo vikalia ndani ya droo kama kengele za mbuzi. Akipunguza, linatulia. Akiongeza, linaanza tena. Halafu nikasikia harufu. Tulisimama karibu na Kinoo, pembeni, mbele ya mahali panapouzwa miche ya miti. Kyalo alijilaza tena chini. Alipotoka alikuwa na vidole vilivyolowa mafuta.

"Ule mpira mpya ni mrefu sana," akasema. "Unasugua tairi. Umeanza kulika."

Hapo mjue jambo moja. Kutoka Kinoo mpaka Suswa kuna ule mteremko wa bonde, barabara iliyobanwa kati ya ukuta wa mlima na shimo, malori mbele yako na nyuma yako. Baba alikuwa akisema kwamba pale breki huombewa kabla ya kukanyagwa.

"Naweza kufunga na waya, uende kando ya tairi," Kyalo akasema. "Tushuke na gia ya kwanza. Polepole. Tutafika saa tisa, kumi."

"Na ukikatika?"

"Kuna breki ya mkono."

"Ile uliyosema utairekebisha?"

Wote wawili wakanitazama mimi, kama walivyonitazama tangu wakiwa wadogo, wakingoja niseme. Nilijua wangepanda tena ndani ya gari lile kama ningewaambia wapande. Hilo ndilo lililonitisha kuliko mteremko.

"Hatushuki," nikasema.

Mwenye miche alikuwa ametoka kutuangalia, mama wa makamo, matope mpaka kwenye magoti. Niliomba tuliingize gari kwenye uwanja wake mpaka Ouko atakapofika kesho. Alikubali. Lakini alipotuona tukifungua sanduku na kusimamisha hema juu ya paa, tukishusha ngazi na kutoa jiko, uso wake ulibadilika. Alinivuta pembeni.

"Mmefukuzwa nyumba?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana, mama. Tunalala nje kwa kupenda."

"Usinifiche. Hata mimi nilifungiwa mlango mwaka fulani. Hakuna aibu. Naweza kuongea na pasta, kuna chumba nyuma ya kanisa."

"Mama, kweli, tuna nyumba. Ni kamping."

Alilitazama hema, na mawingu, na sisi. "Na mnaacha nyumba mnakuja kulala juu ya gari, Kinoo," akasema, kama mtu anayerudia maneno ya mgonjwa. Alikwenda zake, akarudi na sufuria ya maharagwe na majani ya ndizi ya kufunika jiko, maana mvua ilikuwa imeanza tena. Akaketi nasi chini ya turubai nililoshona. Halikuvuja hata tone moja, na hilo nalisema kwa kujivuna.

Akamuuliza Mwende anafanya kazi gani. Mwende akamwambia, na akamwambia kwamba anasafiri kesho jioni, kwenda mbali, kwa miaka.

"Kesho? Na uko hapa kwa matope?" Mama alinigeukia. "Wewe ndiye mkubwa?"

"Ndiyo."

"Umeshamwambia aende?"

Kyalo alianza kukoroga maharagwe ambayo hayakuhitaji kukorogwa. Mwende ndiye aliyejibu, bila hasira. "Bado hajasema, mama. Alikuwa aseme Suswa."

"Suswa ni mbali," mama akasema. Aliinuka, akajipangusa magoti, akasema anakwenda kufunika miche yake. Nadhani ile miche ilikuwa imefunikwa tayari.

Tulikaa. Malori yalikuwa yakipita barabarani, yakielekea kule tulikokusudia kwenda.

"Dada," Mwende akasema, "ukiniambia nisiende, sitaenda. Sitalia. Nitarudi kazini Jumatatu na hutanisikia nikiitaja tena. Lakini niambie. Siwezi kupanda ndege nikiwa sijui."

Miaka yote hiyo hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kuuliza kitu waziwazi namna hiyo. Sikuwa na pampu ya kuhesabu. Nilimwambia ukweli. Nilimwambia kwamba sitaki aende, kwamba nimekuwa nikiamka kuwatazama kama wamejifunika tangu nikiwa na miaka kumi na sita, na sijui sasa nitaamka kumtazama nani. Nilimwambia kwamba ningelikuwa na uwezo ningeliharibu lile gari kwa mikono yangu, ila wao walishanisaidia kuliharibu.

Kyalo akasema, "Na mimi umeniweka wapi? Mimi bado sijifuniki vizuri." Hapo Mwende akacheka, na mimi pia, machozi yakiwa usoni.

Halafu nikasimama, kwa sababu neno hilo halisemwi mtu akiwa ameketi. Mwende naye akasimama. Turubai lilikuwa chini, ikabidi tuinamishe shingo sote wawili. Nilimshika mikono.

"Nenda," nikamwambia. "Nimesema mimi. Nenda ufanye kazi yako, na usijifiche ukiwa na njaa. Ukikosa, sema."

"Nimesikia," akasema.

"Basi nenda."

Ilikuwa saa kumi na moja, bado kuna mwanga. Mwende alipanda ngazi, akasema anajinyoosha kidogo tu maharagwe yakiiva. Tulipopakua, Kyalo alipanda kumwita, akachungulia, akashuka.

"Amelala na viatu," akasema. "Nimwamshe ale?"

"Mwache," nikasema, na tukala sisi wawili bila kugonganisha vijiko.